Kazi ya Kambi ya Vijana: Je, ni Sadaka au ni Kibarua?

(Maneno tuliyoyasema katika mkutano wa wanachama, Kondele)



Leo hatusemi juu ya injini wala mabehewa. Twasema juu ya kazi ambayo watu wengi wa Kondele huifanya shule zifungwapo: kazi katika kambi za vijana za makanisa. Sisi wa reli wengine huenda huko wakati wa likizo. Wake zetu na wadogo zetu huenda zaidi kuliko sisi.

Mikutano ya namna hii si kitu kigeni kwetu. Misheni ya Wasabato ilianza Gendia mwaka 1906, na mwaka uo huo misheni ya Kianglikana ikaanza Maseno. Neno makambi hujulikana na kila mtu huku ziwani. Wengi wetu tulijifunza kusoma na kuandika katika shule za misheni, kwa hiyo asiseme mtu kwamba twawapinga watumishi wa Mungu. Vijana wakikaa pamoja juma zima, wakasoma Neno na kujifunza kutunza mahali wanapolala, ni jambo jema.

Lakini jambo jema nalo lina sufuria zake. Vijana 200 hula mara tatu kwa siku. Mpishi huamka saa kumi alfajiri kuwasha kuni, akalala saa tano usiku baada ya kusugua masufuria. Mwingine huchota maji, mwingine huchimba choo, na mwingine hulinda usiku kucha, maana ukingoni mwa ziwa viboko hutoka majini kula majani. Hiyo ni kazi, ndugu zangu, hata ikiwa nyimbo zaimbwa karibu.

Tuwape mfano tulioushuhudia. Wapishi watatu wa mtaa wetu waliitwa na kambi moja, nasi wawili tulikuwa huko tukipasua kuni. Dhehebu hatulitaji. Siku ya saba mkubwa wa kambi aliomba sala ndefu, kisha akampa kila mpishi mche wa sabuni na nauli. Walipouliza mshahara, akasema alidhani wamejitolea. Wapishi wawili walikuwa wamepatana na karani wa kambi mbele ya watu, kiasi fulani kwa siku, na mmoja wao aliandika kila siku katika daftari ya mtoto wake. Karani hakuweza kukana. Baada ya majuma matatu walilipwa. Wa tatu alikuwa ameambiwa, "Njoo tu mama, tutaelewana." Yeye hakupata hata senti, na watoto wake walikuwa wakingojea karo.

Fikirini neno kibarua. Ni barua ndogo: ndiyo karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya siku zamani, ili ajulikane kuwa amefanya kazi na anastahili malipo. Basi jina lenyewe ladai karatasi. Mbona sisi tunakubali kuwa vibarua bila kibarua?

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikuyatoa makanisa nje yake. Yasema kwamba mtu wa kazi ya siku alipwe siku iishapo. Na aliyeajiriwa kwa siku kadhaa zisizozidi mwezi, alipwe muda huo uishapo. Mapatano ya mdomo pia ni mapatano, ila yafaa kuwa na shahidi. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi aumiaye kazini. Na maji ya moto ya sufuria kubwa si mchezo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na haki ya kuingia chama.

Wakubwa wa kambi wakitujibu kwa Biblia, nasi twaijua. Katika Mathayo sura ya 20, mwenye shamba alipatana na vibarua wa kwanza juu ya dinari kabla hawajaingia shambani, na jioni ilipofika akaamuru walipwe. Torati pia yakataza kulaza mshahara wa maskini mpaka jua litue.

Wengine watauliza, haya yawahusu nini watu wa reli? Mwezi wa Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa walipogoma, watu wa reli na wa bandari hawakuwa peke yao. Watumishi wa hoteli na wa nyumbani walisimama pamoja nao. Watu wa jikoni walisimama nasi siku ile. Yafaa sisi tusimame nao leo.

Basi twaomba mambo manne. Kwanza, kabla ya kwenda kambini, uliza wazi: ni kujitolea au ni kuajiriwa? Anayetaka kumtolea Mungu nguvu zake, na atoe kwa furaha. Lakini sadaka hutolewa na mwenyewe, haichukuliwi na mwingine. Pili, patana juu ya kiasi, saa za kazi na siku ya kulipwa, mbele ya shahidi. Tatu, andika kila siku uliyofanya. Nne, usipolipwa, usinyamaze kwa haya: njoo kwa Katibu wa tawi na daftari yako, naye akupeleke kwa ofisa wa kazi hapa Kisumu.

Kambi za Agosti huanza kuita watu mapema. Mwambieni kila mpishi na kila mlinzi wa mtaa wenu kabla hajafunga mzigo wake.

Umoja ni nguvu.