Dominika ya Ishirini na Tano, Mwaka A: Motisha Yetu ni Nini?



Siku hizi, tuitishapo kikao cha kupanga uchimbaji wa mtaro wa maji au ukarabati wa kigango, swali la kwanza huwa moja: motisha ni kiasi gani? Anayeuliza hana haja ya kueleza zaidi. Sote twajua anaulizia posho.

Neno hili asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusogeza, kutia mwendo. Motisha, basi, ni kile kimwondoacho mtu pale alipo. Fedha yaweza kufanya hivyo. Lakini hata hofu, deni, ahadi na upendo hufanya hivyo. Sisi tumelichukua neno lote tukalifungia ndani ya bahasha.

Mwenzetu John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti. Wakimbiaji 75 walianza, 18 wakaacha. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa 57, wa mwisho. Medali zote tatu zilikwisha kupata wenyewe. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio, bali azimalize. Tulitazame vema jibu hilo: halitaji ushindi wala zawadi. Lataja kutumwa. (Nishani ya heshima alitunukiwa mwaka 1983, miaka 15 baadaye.)

Katika Injili ya leo, wale wa alfajiri walikwenda shambani wakiwa wamepatana dinari moja. Wale wa saa kumi na moja hawakupatana chochote. Walisimama kutwa kwa kuwa hakuna aliyewaita, walipoitwa, wakaenda. Lakini tusisahau: mwenye shamba aliwalipa, tena jioni ile ile, tena dinari nzima.

Hapa sisi mapadre yatupasa kuinamisha vichwa. Makatekista wa Mbulu na Hanang hutembea kutoka kigango hadi kigango, hufundisha wakatekumeni, huzika wafu, huongoza ibada mahali ambapo padre hafiki ila mara chache. Nasi twawasifu kwa moyo wao wa kujitolea. Mmoja alituambia kwa upole baada ya Misa, "Baba, moyo ninao. Viatu ndivyo sina." Tulicheka pamoja naye, tukaenda zetu. Usiku ule usingizi ulikuwa mgumu. Tulikuwa tumelitumia neno zuri kukwepa deni.

Jumamosi iliyofuata halmashauri ya parokia iliketi. Posho ya wajumbe ilikuwa ajenda ya kwanza, kama kawaida. Tuliomba ishushwe hadi ya mwisho, na ujira wa makatekista upande juu. Kikao kilikwisha jioni, na ile ya mwisho hatukuifikia.