Chupa ya Abiria wa Makina

Tangu tarehe 5 Juni 2020, anayeingia Mbuga ya Nairobi haruhusiwi kubeba chupa ya plastiki ya kutumia mara moja. Nje ya lango, marufuku hiyo haimgusi. Abiria anayepanda matatu Makina, mtaani Kibera, hununua maji, akayanywa, na kabla ya kufika mjini chupa imesharushwa dirishani. Mvua ikinyesha, chupa kama hizo huziba mitaro ya Kibera, na maji yaliyokosa njia huingia nyumbani mwa watu.

Tubebe chupa zetu wenyewe, za chuma au za plastiki ngumu; hilo nalisema bila kusita. Ila chupa tupu inataka mahali pa kujaziwa. Makina wengi hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na wengi hawayaamini mpaka yachemke. Mama anayeyachemsha usiku, akayapoza, akamjazia mwanawe chupa ya shule, amelipia maji na makaa pia. Kaunti ilete mifereji ya maji salama kwenye steji. Wenye vibanda vya maji waweza kuanza hata wiki hii: wapange tu bei ya nusu lita.