Malkia wa Akiba Wakati wa Baridi Kali: Kitundu au Kundi Dogo?



Mada niliyopewa ni ya nchi ambako mzinga hufunikwa na theluji. Huku kwetu malkia akifa, mara nyingi nyuki hujilelea mwingine na madume wa kumpanda wapo. Ukiwa Vermont, Marekani, au Quebec, Kanada, malkia akifa Januari huwa hakuna yai bichi la kumlelea mrithi. Hata akipatikana bikira, madume walishafukuzwa mizingani tangu vuli, na baridi haimruhusu kuruka. Malkia wa kienyeji hupatikana mwishoni mwa Mei au Juni. Kabla ya hapo mfugaji wa Kanada huagiza malkia kutoka Hawaii au California. Hiyo nayo ina historia yake: mwaka 1987 Kanada ilifunga mpaka kwa nyuki wa Marekani kwa kuogopa utitiri, na malkia wa Marekani bara hawakuruhusiwa tena hadi 2004. Mfugaji aliyepitia miaka hiyo hahitaji kuelezwa umuhimu wa malkia wa akiba.

Kinachomweka hai

Nyuki wa asali hawalali usingizi wa majira. Hujikusanya wakawa donge, wakala asali na kutetemesha misuli ya mabawa ili wapate joto. Ngozi ya donge hilo huwa na nyuzi kama 10 za Selsiasi. Katikati ni zaidi ya 20, na majana yakianza kulelewa hufika 34 au 35. Malkia hukaa ndani humo akilishwa na vibarua mdomo kwa mdomo. Akiachwa nje ya donge hufa, hata kama asali iko shubiri moja kutoka alipo.

Kufa si hasara pekee. Malkia hupandwa katika siku chache za ujana wake, kisha mbegu za madume huzihifadhi katika kifuko tumboni kwa maisha yake yote. Watafiti wameonyesha kwamba baridi ya nyuzi 5 au joto la nyuzi 40 huua sehemu ya mbegu hizo. Kwa hiyo malkia anaweza kuvuka baridi akiwa mzima wa kutazama, kumbe hafai: mbegu zikimwishia, anataga mayai yasiyorutubishwa, na mzinga unajaa madume wasiofanya kazi. Mnunuzi hawezi kuliona hilo kwa macho.

Benki ya malkia

Njia ya kwanza ya kuvusha malkia wa akiba, iitwayo benki, ni kuwaweka malkia wengi katika kundi moja lisilo na malkia wake. Fremu hupangwa vitundu vidogo, kila kimoja na malkia mmoja peke yake, maana wakikutana huuana. Upande mmoja wa kitundu ni wavu, na vibarua hulisha kupitia hapo. Kiangazi njia hii huenda vizuri kwa wiki kadhaa.

Baridi ikija, kasoro zake huonekana. Donge hupanda polepole likifuata asali, na vitundu haviwezi kulifuata. Tena vibarua wana upendeleo: huyu wanamlisha, yule wanamsahau, na mwingine wanamng'ata nyayo kupitia wavu hadi anatoka kilema. Watafiti wa Quebec waliepuka tatizo la donge kwa kuweka benki ndani ya vyumba vyenye joto la nyuzi kama 16, kisha wakalinganisha benki za malkia 40 na za malkia 80. Zile za 40 ndizo zilizookoa sehemu kubwa zaidi ya malkia wake. Ni kazi nzuri, ila inataka jengo, umeme usiokatika na mtu wa kuangalia kila mara.

Kundi dogo

Njia ya pili ni kumpa kila malkia watu wake. Mtawa Brother Adam wa abasia ya Buckfast, Uingereza, alianzisha kituo cha kupandishia malkia katika nyika ya Dartmoor mwaka 1925. Malkia wake walivuka baridi katika vikundi vidogo, vinne katika mzinga mmoja uliogawanywa, kila kikundi na mlango wake. Mwezi wa Machi aliwahamishia kwenye mizinga ya asali.

Huko Vermont, Michael Palmer ameieneza sana njia ya jinsi hii. Sanduku hukatwa katikati kwa ubao mwembamba, kila upande fremu nne, na juu hupandishwa ghorofa ya fremu nne nyingine. Madonge mawili huegemea ubao uleule kutoka pande mbili, yakagawana joto. Nyuki wa kuanzishia hutolewa kwenye mizinga dhaifu, ile ambayo isingeleta asali ya maana.

Masharti yake ni ya kawaida ila hayana msamaha. Utitiri wa varroa udhibitiwe kabla nyuki wa baridi hawajalelewa, yaani kwa huko Agosti. Hao ndio watakaoishi miezi kadhaa badala ya wiki sita za kiangazi, na wakizaliwa wagonjwa hawafiki Machi. Wapewe maji ya sukari mazito, sukari kilo mbili kwa lita moja ya maji, mapema vya kutosha wayakaushe. Mlango uwe mdogo asipite panya, na juu pawe na tundu la kutolea unyevu.

Kwa mfugaji wa mizinga michache, ninapendekeza kundi dogo bila kusita. Likivuka salama na malkia wake asihitajike kwingine, unabaki na mzinga mpya. Benki ikivuka inakuachia malkia walio vitunduni na vibarua wazee. Benki naiacha kwa mwenye chumba cha joto linalodhibitiwa na wateja wanaosubiri malkia Aprili. Na wenzetu wanaofuga huko ughaibuni wakitaka kujaribu, waanze kugawa makundi Julai, kwani Oktoba watakuwa wamechelewa.