Rangi Inayobanduka Kwenye Mabati

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo hatuna habari ya mikopo wala ya katiba. Tunataka tuongee juu ya rangi ya mabati, na tafadhali msicheke, kwa sababu jambo hili karibu livunje kikundi kimoja tunachokijua.

Kikundi hicho kilijenga nyumba ya kinu cha kusagia unga, paa na kuta zote mabati mapya yanayong'aa. Wakanunua rangi ya mafuta ya kijani, fundi akapaka siku mbili, kazi ikaisha. Ilipendeza kweli. Misimu miwili ya mvua ilipopita, rangi ikaanza kutoka kama ngozi ya nyoka. Ukivuta kipande kinakuja chote, na chini yake bati bado linang'aa kama limetoka dukani jana. Basi maneno yakaanza: mweka hazina amenunua rangi ya bei ya chini, pesa nyingine amekula. Mama yule akaleta risiti, hawakumwamini, na wanachama wengine wakaacha kutoa mchango. Sisi tulipoenda kuangalia tulikuta rangi ni nzuri na risiti ni ya kweli. Shida ilikuwa pale rangi ilipokutana na bati.

Bati ni chuma chembamba kilichopitishwa ndani ya zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la digrii kama 450. Zinki ndiyo inayokilinda chuma. Hata bati likikwaruzwa kidogo, zinki ya kando inaliwa kwanza na chuma kinabaki salama. Lakini zinki na rangi ya mafuta hazipatani. Nyinyi wa vikundi vya kutengeneza sabuni mtaelewa upesi kuliko fundi: mafuta yakikutana na kostiki soda, yanageuka sabuni. Rangi ya mafuta juu ya zinki inafanya jambo la namna hiyo hiyo. Unyevu ukipenya, pole pole, huko chini kunatokea utando wa sabuni ya zinki. Sasa rangi itashika nini? Na hata ile praima nyekundu ya chuma, ambayo mafundi wanaipenda sana, nyingi ni za mafuta. Ukiipaka moja kwa moja juu ya zinki, itabanduka vile vile.

Kuna na jambo la pili. Mabati mapya mara nyingi hutoka kiwandani yakiwa na mafuta mepesi au dawa ya kuyalinda yakiwa ghalani. Huwezi kuiona kwa macho, lakini rangi inaiona.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuosha. Kama hamna haraka, acheni mabati yapigwe na jua na mvua miezi sita, hata mwaka au zaidi, mpaka ule mng'aro ufifie. Hata hapo lazima yaoshwe. Chukueni maji ya vuguvugu, sabuni ya unga, na brashi ya nailoni au ya katani. Brashi ya waya hapana, maana inakwangua zinki mliyoilipia. Penye unga mweupe, ule unaotokea mabati yakilazwa pamoja yakiwa na maji, sugueni mpaka uishe. Halafu suuzeni kwa maji mengi, sabuni isibaki hata kidogo.

Mtajuaje kama limetakata? Mwagieni maji safi. Yakitandaa kama shuka, bati liko tayari. Yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la nduma, mafuta bado yapo, rudieni. Sisi tungependa wanachama waoshe wenyewe, kwa sababu fundi aliyepatana bei ya kupaka hana haja ya kupoteza siku nzima na ndoo. Mwiteni baada ya maji kutandaa, na katibu aandike tarehe kwenye daftari.

Dukani, msiulize rangi ya bati tu. Someni kopo. Liseme wazi kwamba praima hiyo ni ya mabati yenye zinki. Nyingi za siku hizi ni za maji, za akriliki, na hizo zinafaa. Juu yake pakeni mikono miwili ya rangi ambayo kopo limesema inapatana na praima hiyo. Pakeni asubuhi umande ukishakauka, siku kavu. Saa sita za mchana bati linachoma, rangi inakauka kabla haijashika, na jioni umande unarudi. Mabati yaliyooshwa msiyaache wiki nzima yakipata vumbi.

Palipo na kutu nyekundu zinki imeshakwisha. Hapo ndipo brashi ya waya na msasa zinaruhusiwa, kisha praima ya kuzuia kutu mahali hapo peke yake.

Tuliulizwa pia juu ya paa lenye rangi ya zamani inayobanduka. Hapa muwe waangalifu sana. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo yanaharibu akili za watoto. Kiwango cha Kenya sasa hakiruhusu risasi zaidi ya sehemu 90 kwa kila milioni, lakini rangi iliyopakwa zamani haijui sheria mpya. Lowesheni kwanza ndipo mkwangue, msipige msasa mkavu. Watoto na wajawazito wakae mbali, maganda yakusanywe yote kwenye turubali, yasichomwe wala yasiachwe kuku wakadonoa. Na kama paa hilo ndilo linalojaza tangi lenu, ondoeni mfereji kabla ya kuanza kukwangua na kuosha, na msiurudishe mpaka rangi mpya ikauke kabisa na mvua za kwanza zimwagike chini.