Udongo Unaolinda Bati



Leo tuzungumze juu ya jiko la makaa, lile lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani. Vikundi vingi vinaweka pesa za chama katika biashara ya majiko haya. Tusipojua kazi ya ule udongo, tutanunua hasara.

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Makaa yakiligusa, linakuwa jekundu. Chuma kikiwa moto hivyo hushikana na hewa upesi, kinatoa magamba meusi, na kila gamba linaloanguka ni chuma kimepungua. Majivu yenye unyevu nayo yanaleta kutu. Mwisho jiko linatoboka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jiko lenye udongo lilianza kuenezwa hapa Kenya, wazo la udongo likitoka Thailand. Udongo uliokwisha kuiva motoni haushiki kutu. Pia unazuia joto lisikimbilie kwa bati, kwa hiyo makaa yanatumika machache.

Angalieni pia vikombe vyetu vya bati vinavyong'aa. Ile si rangi ya kupaka, ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Kikibanduka mahali, kutu inaanzia pale pale.

Sasa, mbona udongo wa jiko hupasuka? Kwa joto moja, chuma hutanuka kuliko udongo. Ndiyo maana fundi mzuri anaweka kati yao simiti iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayolegeza mbano na kuzuia joto.

Basi kabla ya kikundi kulipa, tufanye hivi:

1. Tugonge udongo kwa kidole. Ukilia vizuri kama chungu kizima, umeiva. Ukilia mzito, pengine una ufa.
2. Tuangalie kama udongo umeshikana na bati pande zote, bila kuchezacheza.
3. Tumfundishe mnunuzi asizime moto kwa maji, maana udongo utapasuka.
4. Chumba cha majivu hakina udongo. Jiko likipoa, majivu yatolewe, na jiko lisilale nje kwa umande.

Ufa ukionekana, uzibwe mapema. Moto ukipata njia ya kufikia bati, hautangoja mkutano wa kikundi.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.