Tusimlaumu Mke Peke Yake: Magonjwa ya Zinaa na Uzazi wa Mwanamume

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia)



Leo tumekuja na neno ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Tunaomba mtu yeyote asiinuke kwenda nje. Mume na mke wakikaa pamoja mwaka mzima bila kupanga uzazi, na mimba haijaingia, nani hulaumiwa? Ni mke. Huitwa tasa, hurudishwa kwao, ama mume huoa mwingine. Na mara nyingine huyo wa pili naye hapati mimba! Basi, shida ilikuwa kwa nani?

Mume atasema, "Mimi nina nguvu zangu, sina shida." Ndugu, nguvu za kitandani ni jambo moja, na kuzaa ni jambo lingine.

Mbegu za kiume hutengenezwa katika korodani. Kisha hupita kwenye mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya kila korodani. Mrija huo ukinyooshwa ni karibu mita 6! Viini vya kisonono na klamidia huingia kwa njia ya mkojo, na visipotibiwa vyaweza kupanda mpaka huko. Mrija huvimba, na ukipona huenda ukabaki na kovu. Makovu yakiziba pande zote mbili, mbegu hazipiti tena.

Nyinyi wa miradi ya maji mtaelewa. Bomba likipata maji kutoka chemchemi mbili, na moja ikizibwa, maji bado yatatoka. Ndivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya shahawa hutoka kwenye tezi zilizo mbele ya hapo palipoziba. Kwa hivyo mwanamume huona kila kitu ni sawa, kumbe hamna mbegu hata moja. Hilo huonekana kwa darubini tu.

Dalili ni zipi? Usaha, kukojoa kwa uchungu, ama korodani kuvimba. Korodani ikiuma ghafla, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Lakini klamidia mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu hukaa nayo, akamwambukiza mkewe, na mirija ya mke nayo ikaziba.

Dawa zipo, na huua viini. Lakini dawa haiondoi kovu. Ndiyo sababu tunasema: mapema! Usinunue vidonge viwili vitatu dukani, wala usigawane dawa na rafiki. Kisonono kimezoea dawa nyingi za zamani. Mtibiwe wote wawili, mmalize dawa, na msikutane mpaka mhudumu wa afya awaruhusu. Akitibiwa mmoja tu, ugonjwa utarudi. Na kinga ni kuwa waaminifu, ama kutumia mpira.

Tafadhali, tusianze kunyosheana vidole. Si kila mwanamume asiyezaa alipata ugonjwa wa zinaa. Sababu ni nyingi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupata shida ya uzazi wakati fulani maishani. Hawa ni jirani zetu, si watu wa laana.

Tunawaomba mfanye nini? Mume na mke waende hospitali pamoja, siku moja. Mume apimwe shahawa. Akiambiwa arudi baada ya miezi miwili au mitatu, asikate tamaa, kwa maana mwili huchukua kama miezi miwili na nusu kutengeneza mbegu mpya. Kikundi kinachochangia mazishi na karo chaweza pia kuchangia nauli ya safari hiyo.

Na mkubaliane jambo moja kabla hatujaachana leo: asirudishwe mama yeyote kwao kwa sababu ya kukosa mtoto, hali mume hajapimwa.

Sasa tuulizeni maswali, na wanaume waanze.