Chupa ya Kinywaji Isiwe Nyumba ya Sumu
Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto

Kaeni vizuri. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe tu, hatutakawia. Leo hatusemi juu ya malaria wala juu ya kuhara. Tunasema juu ya kitu kinachokaa kimya ndani ya nyumba, kwenye kona ao chini ya kitanda. Kitu hicho ni chupa yenye sumu.

Wengine mtajibu: "Kwetu hakuna sumu. Sumu ni kazi ya watu wabaya." Hapana, wamama. Petroli ya taa ni sumu. Soda kali tunayotengenezea sabuni ni sumu. Na maji ya tumbako, yale watu wanayomwagia mboga ili wadudu wafe, ni sumu kali sana. Hayo maji ndiyo tutayasemea zaidi, kwa sababu watu wengi hawayaogopi. Wanasema: "Ni majani tu."

NDANI YA TUMBAKO MNA NINI?

Ndani ya jani la tumbako mna sumu inayoitwa nikotini. Jina hilo limetoka kwa Mfaransa mmoja, Jean Nicot, aliyetuma tumbako Ufaransa karibu na mwaka 1560. Mwaka 1828, kule Ujerumani, wataalamu wawili, Posselt na Reimann, waliitenga sumu yenyewe na jani. Mti wa tumbako unajifanyia sumu hiyo ili wadudu wasiule. Mkulima anapoloweka majani ndani ya maji, sumu inatoka ndani ya jani na kuingia ndani ya maji. Akimwagia mboga, wadudu wanakufa kwa sababu nikotini inaharibu mishipa yao ya fahamu.

Sasa fikirini. Mtoto naye ana mishipa ya fahamu. Kinachomwangusha mdudu kinaweza kumwangusha mtoto pia.

Mama mmoja atauliza: "Lakini bwana yangu anavuta sigara kila siku, mbona hafi?" Ni ulizo zuri. Katika sigara moja mvutaji anapata nikotini kidogo sana, karibu miligramu 1 ao 2, na inaingia pole pole pamoja na moshi. (Hata hivyo moshi huo unamharibu mapafu na moyo mwaka kwa mwaka, lakini hayo ni ya siku ingine.) Ndani ya chupa ya maji ya tumbako, nikotini ya majani mengi imekusanyika pamoja. Mtoto anakunywa kwa mara moja, na mwili wake ni mdogo.

Tena, nikotini haingoji kinywa. Inapita hata katika ngozi. Watu wanaovuna majani ya tumbako yenye umande wanaweza kushikwa na kizunguzungu na kutapika, hata kama hawakuvuta sigara hata moja. Kwa hiyo, mama, usipake maji ya tumbako kichwani mwa mtoto juu ya chawa, wala kwenye kidonda. Usiyachanganye kwa mikono mitupu.

CHUPA NDOGO ZA SIGARA YA UMEME

Siku hizi kuna nikotini ingine ya maji. Ni ile ya sigara za umeme. Ndugu anayetoka Bulaya anaweza kuleta chupa ndogo sawa na ya dawa ya macho. Inanukia ndizi, nanasi ao bombo. Mtoto akinusa atafikiri ni kitu kitamu.

Hesabuni nami. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2014 inakataza kuuza chupa ya kujazia inayopita mililita 10, wala nikotini inayopita miligramu 20 katika kila mililita moja. Hata chupa hiyo ndogo inayoruhusiwa inaweza kuwa na miligramu 200. Ni kadiri mvutaji anayoipata katika sigara 100 ao zaidi. Mwezi wa 12 wa mwaka 2014, katika jimbo la New York, Marekani, mtoto wa mwaka mmoja alikufa kwa nikotini ya maji. Mwanzo wa mwaka 2016 Marekani ikaweka sheria kwamba chupa hizo ziwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua kwa urahisi. Nchi yenye mahospitali mengi ilizika mtoto kwanza. Sisi tusingoje hivyo.

TUTAIWEKA NAMNA GANI?

1. Usitie sumu ndani ya chupa ya kinywaji. Hii ndiyo sheria kubwa ya leo. Chupa ya Primus, chupa ya Fanta, chupa ya maji, kikombe, kibuyu: vyote hivyo vinamwambia mtoto "kunywa." Mtoto hajui kusoma, lakini chupa ya Fanta anaijua tangu mbali. Hata mtu mzima mwenye kiu, usiku, bila taa, anaweza kukosea. Ukienda kununua petroli, beba bidoni yako ya petroli. Usikubali wakutilie ndani ya chupa ya limonadi.

2. Maji ya tumbako, usiyaweke kabisa. Tengeneza yale yanayotosha kazi ya siku ile. Yakibaki, yamwage katika shimo mbali na kisima, mbali na mto, mbali na kuku na mbuzi, kisha ufunike na udongo. Mwenye kuyaweka miezi anasema: "Nitayatumia msimu ujao." Msimu ujao amesahau ni chupa gani. Na ndoo uliyolowekea tumbako isirudi tena kwa kazi ya maji ya kunywa ao ya kupika. Mboga utakazochuma juma hili, usizimwagie.

3. Kitu ambacho ni lazima kukaa nyumbani, kikae katika chombo chake. Petroli katika bidoni yake, soda ya sabuni katika kopo lake lenye kifuniko kigumu, nikotini ya sigara ya umeme katika chupa yake ya dukani, pamoja na karatasi yake. Funga kifuniko mara moja, hata kama utarudi upesi. Mtoto hahitaji dakika tano.

4. Weka alama. Kama hujui kuandika, chora kichwa cha mfu, ao funga kitambaa chekundu kwenye shingo ya chombo, na kila mtu wa nyumba ajue maana yake. Lakini alama ni ya wakubwa. Kwa mtoto mdogo kitambaa chekundu ni mchezo. Kwa hiyo alama peke yake haitoshi.

5. Weka juu, na fungia. Si chini ya kitanda, si karibu na unga, chumvi ao mafuta ya kupikia, si pamoja na dawa za wagonjwa. Sanduku lenye kufuli ni bora, na ufunguo ukae na wewe. Kama huna kufuli, tia ndani ya kikapu, ukifunge kwa kamba juu kabisa, fasi ambayo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Fasi iwe ya baridi na bila jua, na petroli isikae karibu na moto.

6. Rangi isikudanganye. Nikotini ya maji ikikaa miezi mingi katika hewa na mwangaza inageuka kuwa ya manjano ao kahawia. Watu wanasema: "Imezeeka, imekwisha nguvu." Si hivyo. Bado ni sumu. Na chupa ikiisha, usiwape watoto waichezee, wala usiioshe kwa kutia mafuta ya kula. Itoboe, uizike.

MTOTO AMEKUNYWA. TUFANYE NINI?

Nikotini haikawii. Mara nyingi dalili zinaonekana kabla ya saa moja kupita. Mtoto anatapika, mate yanamwagika, jasho linamtoka, uso unapauka, moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka. Baadaye anaregea, anashikwa na degedege, na pumzi inakuwa ngumu. Wamama, hiyo degedege si uchawi. Usipoteze saa kwa kutafuta nani amemloga.

Fanya hivi:

Toa kilichobaki kinywani kwa kitambaa. Vua nguo zilizolowa, osha ngozi yake kwa maji mengi na sabuni. Kama yameingia machoni, osha kwa maji safi robo saa.

Usimtapishe kwa kidole. Petroli ikirudi juu inaingia katika mapafu. Soda ikirudi inaunguza koo mara ya pili. Na mwenye nikotini anaweza kushikwa na degedege akiwa na matapishi kinywani.

Usimnyweshe mawese, wala maziwa, wala mkojo, wala dawa ya miti. Najua, bibi zetu walisema mawese yanaua sumu. Bibi walitupenda, lakini mawese hayaui nikotini, wala hayazimi petroli. Yanaweza kumpalia mtoto tu.

Mlaze kwa upande kama amelegea. Akiacha kupumua, pangusa kinywa chake, mpulizie pumzi pole pole, na mtu mwingine atafute kinga ao pikipiki.

Mlete hospitali upesi, hata kama anaonekana mzima. Na ulete chupa yenyewe. Munganga akiona chupa, anajua kazi ya kufanya, asipoiona, anakisia. Usifiche kwa haya. Hapa hatutakuuliza "Kwa nini uliacha?" Tutakuuliza: "Amekunywa nini, kiasi gani, tangu saa ngapi?" Basi.

KAZI YA LEO

Mama mwingine atasema: "Nyumba yangu ni chumba kimoja, sanduku sina, watoto sita." Tunajua. Ndiyo sababu sheria ya kwanza haihitaji feza. Kutotia sumu ndani ya chupa ya kinywaji hakununuliwi sokoni. Kumwaga maji ya tumbako yaliyobaki hakulipiwi. Kamba moja na kikapu kimoja, karibu kila nyumba inavyo.

Kwa hiyo, mkirudi leo, kabla ya kuwasha moto, pigeni magoti chini. Ndiyo, magoti, muwe na kimo cha mtoto wa miaka miwili. Tazameni nyumba kwa macho yake. Chupa zote mnazoziona kutoka pale, yeye anaziona kila siku. Ile yenye sumu, iondoeni kabla jua halijatua. Mwambieni na baba wa watoto, na bibi, na jirani ambaye watoto wenu wanacheza kwake, kwa sababu sumu ya jirani inanyweka pia.

Siku ingine ya kupima watoto tutauliza kila mama: chupa iko wapi sasa? Sasa mleteni mtoto wa kwanza kwenye mizani.